Je, wajua? Tundu la ndani ya fuvu hushikikaje mkononi?

Siku ukinywa supu ya kichwa cha mbuzi pale Ngamiani, Tanga, usiwe na haraka ya kuutupa mfupa. Uangalie pale shoka lilipopita, kwenye paji la uso. Mfupa una vyumba vitupu, na kwa mbuzi mkubwa uwazi huo huingia mpaka ndani ya pembe. Sisi tunavyo pia, jozi nne: mashavuni, kwenye paji, kati ya macho na nyuma kabisa ya pua. Vikivimba ndipo mtu analalamika "sainasi".

Umbo la uwazi utalijuaje? Ukipasua, unaona kipande tu. Mama anayepika mkate wa kumimina anaijua njia: anamimina, unaiva, anaupindua, na mkate unatoka na umbo la chungu. Wataalamu wa anatomia nao humimina nta, silikoni, au mchanganyiko wa madini unaoyeyuka kwenye nyuzi 70 hivi, maji hata hayajachemka. Leonardo da Vinci alishajaribu nta kwenye vyumba vya ubongo wa ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1500. Tofauti na mama wa mkate, hapa chungu ndicho kinachopotea: mfupa hulowekwa kwenye dawa kali mpaka uliwe wote, libaki lile lililokuwa tundu.

Kwangu mimi, hakuna kinachoshinda sikio la ndani. Linatoka kidude kidogo chenye konokono aliyejizungusha mara mbili na nusu hivi, na juu yake pete tatu zinazotusaidia tusipepesuke. Kimefichwa ndani ya mfupa mgumu mno. Kwa patasi hukifikii kikiwa kizima.

Fuvu la kale, bila shaka, halitiwi asidi. Hapo humiminwa utomvu wa mpira kupitia tundu la chini, panapoingia uti wa mgongo. Fuvu huzungushwa mpaka kuta zote zipate, utomvu ukikauka huvutwa nje kama soksi, ukiwa na alama za mishipa ya damu iliyokuwa imeuzunguka ubongo. Siku hizi mashine ya CT, inayopiga picha za ndani kwa eksirei, hufanya kazi hiyo bila kugusa kitu.

Ndivyo hata ubongo uliooza zamani unavyopimika. Zinj, fuvu la jamaa wa kale wa binadamu aliloliona mtafiti Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lilikuwa na nafasi ya mililita 530 hivi: chupa ya soda ya nusu lita, na funda moja juu yake.