Mahindi kwa kulungu wa mafurikoni: yanayosemwa na yalivyo

Shemeji yangu anaishi Mississippi, Marekani. Mwezi Machi alinitumia ujumbe wa sauti nikiwa dukani Ruai, agroveti imejaa wateja, nami nikaufungua bila kufikiri. Benchi nzima ikasikia: "Shem, mto umevunja kingo. Shamba letu la kuwindia limezama, kulungu wamebanana juu ya tuta la kuzuia mto kama watu wanaongoja matatu ya mwisho. Wenzangu wanataka kuwamwagia mahindi. Wewe ni mtu wa mifugo, sema." Kabla sijafungua mdomo, kila mteja alikuwa ameshakuwa daktari. Nayaandika yaliyosemwa kwa sababu mengi nayasikia pia kuhusu mbuzi.

"Hao si ni swala tu?"

Hapana. Hapa Kenya tukisema kulungu tunamaanisha pongo, jamaa wa swala, na pembe zake ni za maisha. Kulungu wa mkia mweupe wa Marekani ni ukoo mwingine. Pembe zake ni mfupa mtupu, huwa nazo madume, na hudondoka kila mwaka kisha zikaota upya. Ila tumboni hawana tofauti kubwa na mbuzi wako: vyumba vinne, na kucheua. Hapo kwenye tumbo ndipo penye kesi.

"Mwenye njaa mpe mahindi, atapata nguvu"

Mzee mmoja pale kwenye benchi hakuhitaji kuelezwa. Mwaka jana beberu wake alisukuma mlango wa ghala usiku akala mahindi mpaka akatosheka. Asubuhi nilimkuta amelala, ubavu wa kushoto umefura, ukiusukuma kwa ngumi unasikia maji yakicheza ndani. Alikuwa anasaga meno. Kinyesi kilikuwa uji wa kijivu unaonuka kama busaa. Saa nane mchana hakuwa tena.

Kilichomuua beberu ndicho kinachoua kulungu. Tumbo la kwanza ni pipa la kuchachushia, na wanaofanya kazi humo ni bakteria. Kulungu aliyepitisha baridi akila vijiti na machipukizi ana bakteria wa vijiti na machipukizi. Ukimmwagia wanga kwa ghafla, bakteria wengine hulipuka kwa wingi na kutoa tindikali. Tindikali huunguza kuta za tumbo, huua bakteria wake wa kawaida na kuvuta maji kutoka mwilini. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, na ukimpasua unakuta tumbo limejaa mahindi. Watu husema alichelewa kupata chakula, kumbe chakula ndicho kilichommaliza. Bakteria huhitaji wiki mbili au tatu kuzoea lishe mpya, na mafuriko hayatoi muda huo.

"Yaliyolowa wape wanyama, hawachagui"

Hili nilishangaa kulisikia Kenya, nchi ambayo mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Mahindi yaliyomwagwa chini kwenye unyevu huota ukungu haraka, na sumu hiyo haionekani kwa macho. Ndege ndio huumia zaidi. Ukimwaga kwa ajili ya kulungu, wa kwanza kufika huenda wakawa batamzinga wa mwituni.

"Angalau kuwakusanya pamoja hakudhuru"

Kuna ugonjwa unaowakondesha kulungu mpaka kufa. Ulionekana kwanza Colorado mwaka 1967. Hauna chanjo wala tiba. Hauletwi na kijidudu, bali na protini iliyojikunja vibaya, inayoitwa prioni, ambayo hutoka kwa mate, mkojo na kinyesi na kubaki udongoni kwa miaka. Mafuriko hayaisafishi. Huko Mississippi uligunduliwa mwaka 2018 katika kaunti ya Issaquena, ukanda huohuo unaozama kila mara, na mwaka 2022 ukavuka hadi Louisiana. Rundo la mahindi ni sahani moja ya midomo thelathini. Ndiyo maana majimbo kadhaa hupiga marufuku kulisha kulungu penye ugonjwa huo. Haijathibitishwa kwamba unampata binadamu, lakini wawindaji hushauriwa mnyama apimwe kabla ya kula nyama yake.

"Wasipolishwa watakwisha wote"

Kulungu ni mwogeleaji hodari. Mkubwa akiona maji yanapanda huondoka mapema. Wanaoteseka ni watoto, na wote kwa jumla maji yakikataa kushuka. Mwaka 2019 bonde la Yazoo, hukohuko Mississippi, lilizama zaidi ya ekari 500,000, na maji yakakaa miezi. Hapo kulungu wengi walikonda kweli, sikatai. Lakini gunia la mahindi halirudishi kichaka kilichozama. Kinachosaidia zaidi ni kuwaacha watulie: mbwa wafungwe, magari yasipite juu ya tuta.

Kijana mmoja akadakia, "Si wanawanenepesha ili wawapige risasi?" Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo swali lake nalielewa. Huko ni halali kwa msimu na leseni, ila mto ukifikia kipimo fulani, maeneo yaliyozama hufungwa ili mnyama aliyekwama asiwindwe.

"Panda bondeni, ndiko kwenye rutuba"

Wafugaji wa Ruai wanajua lusani, majani ya kulishia mifugo, ikizama siku chache mizizi inaoza. Huko ni vivyo hivyo. Chakula cha kulungu hupandwa mwinuko, na bondeni husubiriwa maji yashuke ndipo ipandwe klova nyeupe au mtama wa Kijapani, vinavyovumilia udongo tepetepe. Bora zaidi ni kukata miti michache sehemu ya juu, jua lifike chini, vichaka vichipue vyenyewe. Hakuna gunia la kununua hapo, labda ndiyo maana ushauri huu hauna mashabiki.

Nilimjibu shemeji kwa kifupi: mahindi yabaki storoni, pakavu. Baada ya siku nne akatuma picha. Kulungu watano juu ya tuta, wamechongoka mbavu, wanatafuna majani ya mimea inayotambaa. Mama aliyekuja kununua dawa ya kuku aliichungulia.

"Na pembe?"

"Zimeanguka, mama. Zitaota."

Akachukua chenji yake, akaniangalia, akamwambia mwenzake mlangoni kwamba huyu wa agroveti siku hizi anapenda utani.