Kabla hujaacha pombe, mikono inatetemeka asubuhi?

Mgonjwa mwenye macho ya njano, kwa ini lililoumizwa na pombe, huingia kliniki akisubiri mahubiri. Ameshahubiriwa na mkewe na mchungaji, kwa hiyo mimi naanza na swali: "Baba, asubuhi kabla hujapata hata tone, mikono inatulia?"

Akisema mpaka azimue ndipo aweze kushika kikombe cha chai, simwambii aache leo. Ndugu waliomsindikiza hunishangaa. Pombe hupooza ubongo, na kwa anayekunywa kila siku ubongo nao huongeza kasi ili usizidiwe. Ikikatwa ghafla, kasi inabaki bila breki. Jasho na kutetemeka huanza saa chache tu baadaye, degedege laweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Mtaani wanaita arosto, wakidhani ni ya watu wa unga tu. Ya pombe huua. Huyu tunamlaza, tunampa vitamini B1 na dawa ya kutuliza, diazepamu, tuliyoipima kwa uangalifu, maana hukawia kutoka mwilini ini likiwa limechoka.

Halafu tunahesabu kilevi anachokunywa. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu 55 hivi, karibu bia tatu. Viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2017, lakini bado napokea watu wanaojisifu kuwa bia wameacha, siku hizi ni "kakichupa tu".

Ini litapona? Likiwa na mafuta tu, mara nyingi husafika ndani ya wiki chache bila pombe. Kovu ni habari nyingine, halifutiki kirahisi. Hata hivyo nimeona mtu aliyekuja na tumbo limejaa maji, akaacha, na baada ya miezi tukampunguzia dawa za kukojoa.

Ndugu nao nina neno nao: ile dawa ya kumfanya mtu achukie pombe, disulfiramu, msimtilie kwenye uji kwa siri. Yenyewe yaweza kuumiza ini, na akinywa pombe juu yake anaweza kuzidiwa vibaya. Mleteni tu, na mkumbuke saa aliyokunywa mara ya mwisho. Hilo nitawauliza mlangoni.