Mtaa mdogo haufi kwa kukosa mradi

Baraza la wazee wa kanisa likiona sadaka inashuka, swali ni lilelile: tuanzishe mradi gani? Mitaa ya vijijini ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), yaani makanisa madogo yaliyo chini ya usharika, hasa ya ukanda wa kati unaovuna mara moja kwa mwaka, imelishika wazo hili kana kwamba limo kwenye katiba ya dayosisi.

Dhana: Kuku wa nyama watalibeba kanisa

Mara nyingi kanisa ndilo huwabeba kuku. Chukua vifaranga 100. Hadi wiki ya sita watakuwa wamekula kilo 350 hadi 400, yaani mifuko saba au minane ya kilo 50, yote kwa fedha taslimu. Ongeza chanjo ya kideri na ya gumboro, maranda, na mkaa wa kuwapa joto. Hadi hapo hesabu inaweza kukubali. Kinachoua ni soko. Kuku wote wanakuwa tayari wakati mmoja, ilhali kijijini mteja anakuja mmoja mmoja, tena anaomba akopeshwe hadi mavuno. Kuku wa umri huo hula gramu 150 hadi 200 kwa siku, kwa hiyo 100 wanaosubiri wateja humaliza mfuko mzima kila siku tatu hivi. Wiki mbili za kusubiri zinatosha kuila faida. Hapo hujamhesabu mgeni wa jimbo aliyechinjiwa, wala zamu ya Jumanne ambayo kila mmoja alidhani ni ya mwenzake.

Mashine ya kusaga hufa vivyo hivyo: beringi ikivunjika hakuna akiba, makusanyo yote yalishakwenda kwenye posho ya mwinjilisti.

Kabla ya mradi wowote, fungueni kitabu cha mapato cha miaka miwili. Andikeni mahitaji ya kila mwezi (posho, mchango wa usharika, ukarabati) na pembeni kilichoingia mwezi huo. Mitaa mingi itagundua kwamba sadaka ipo, ila imerundikana Juni na Julai, na Januari hadi Machi ni ukame. Sasa angalieni sadaka ya mavuno: mahindi yananadiwa baada ya ibada, bei ikiwa chini kabisa, halafu Februari kanisa hilohilo linakopa.

Tuseme kaya 40 zimetoa debe moja moja. Debe sita ni karibu gunia la kilo 100, kwa hiyo mna magunia sita na nusu. Nadini mawili na nusu, manne yahifadhiwe.

Kwanza pimeni ukavu. Tieni mahindi theluthi ya chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu kidogo, funikeni, mtikise, mwache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Isiponata, anikeni siku moja zaidi ndipo mfunge.

Hifadhini kwenye mifuko ya PICS, ile ya kuhifadhia nafaka bila kupitisha hewa. Mfuko huo una plastiki mbili ndani ya kiroba. Kamueni hewa, fungeni plastiki ya ndani peke yake, kisha ya pili, kisha kiroba. Wengi hufunga zote kwa kamba moja. Hewa inapita na dumuzi wanaendelea na karamu. Pangeni juu ya mbao, mbali na ukuta. Na wazee waache kufungua kila Jumapili "kukagua", maana kila ukifungua unawaletea wadudu hewa. Stoo iwe na kufuli mbili, funguo moja kwa mtunza hazina, nyingine kwa mzee wa kanisa. Uzeni Januari au Februari, kwa kilo kwenye mizani, si kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Bei isipopanda, sehemu ya posho ilipwe kwa mahindi, mradi mwinjilisti alikubali tangu mwanzo.

Dhana: Marafiki wa ng'ambo watatushika mkono

Urafiki kama wa Bega kwa Bega, kati ya Dayosisi ya Iringa na Walutheri wa St. Paul, Marekani, umesomesha wanafunzi wengi wa sekondari. Lakini fedha ya namna hiyo huja kwa kazi yenye mwanzo na mwisho. Usiiandike kwenye mstari wa posho.

Dhana: Vijana waliokwenda mjini wamepotea

Wengi hutoa wakiombwa jambo mahususi, kwa mfano bati 20, na wakiletewa picha ya bati zilizoezekwa. Ila fedha isipite kwenye simu ya mtunza hazina. Akihama, namba inahama naye. Tumieni akaunti au Lipa Namba ya usharika, na bahasha za ahadi zenye namba ziendelee kwa waliobaki.

Dhana: Kuunganisha mitaa ni kuua makanisa

Mitaa jirani iwe na hazina moja na mwinjilisti mmoja, ila sehemu za ibada ziacheni zilipo. Mkiwatembeza wazee saa nzima kwenye tope, hao ndio mtakaowapoteza kwanza.

Dhana: Jengo letu dogo halina faida

Lina paa la kuvunia maji ya mvua. Paa la mita 8 kwa 15 ni mita za mraba 120. Mvua ya milimita 500 kwa mwaka inaleta lita 60,000. Toa moja ya tano inayopotea, zinabaki 48,000. Tangi la lita 5,000 hujaa kwa mvua ya milimita 52 hivi. Wekeni mfereji wenye mteremko kidogo kuelekea tangi, na chujio mdomoni. Maji ya mvua ya kwanza ya msimu yamwageni, yana vumbi na kinyesi cha ndege.