Krimu, sabuni au povu la kopo? Maswali kuhusu kunyoa ndevu

Sabuni ya kunyolea, krimu na povu la kopo vinatofautianaje?

Vyote vina kazi moja: kuufanya unywele ushike maji na kuacha utelezi kati ya wembe na ngozi. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa dakika mbili au tatu hulainika, na wembe huukata bila kuuvuta.

Sabuni ngumu ya kunyolea hutengenezwa kwa hidroksidi ya potasiamu na ya sodiamu pamoja na mafuta yenye asidi ya steariki nyingi. Asidi hiyo ndiyo inayofanya povu lake liwe zito. Sabuni hii inahitaji brashi: lowesha, kung'uta, zungusha juu ya sabuni sekunde 30, kisha sugulia usoni ukiongeza maji matone machache. Krimu ni sabuni ya aina hiyo yenye maji mengi zaidi na mara nyingi gliserini. Nusu kijiko cha chai inatosha uso mzima, hata ukipaka kwa vidole. Povu la kopo ni maji, sabuni kidogo na gesi, kwa kawaida butani na propani. Linajaa kiganjani upesi, lakini sehemu kubwa ya unachokiona ni gesi tupu, kwa hiyo utelezi wake ni mdogo. Jeli ya kopo ni nzito kidogo kuliko hilo.

Kwa ngozi inayowasha, chaguo letu ni krimu isiyo na manukato.

Sabuni ya kuogea haitoshi?

Kwa dharura, sawa. Ila povu lake hukauka kabla hujafika shavu la pili, na huondoa mafuta ya ngozi. Sabuni ya mche ya kufulia isiguse uso kabisa.

Nyumbani tunatumia maji ya kisima yenye chumvi. Mbona krimu haitoi povu?

Tatizo hili ni la kawaida Dar es Salaam, na wengi huitupia lawama krimu. Madini ya kalisi na magnesi yaliyomo kwenye maji hayo hunasa sabuni na kuigeuza utando mweupe, kwa hiyo sabuni huisha kabla povu halijaanza. Kuchemsha hupunguza madini hayo kwa sehemu tu, na chumvi haitoki. Tenga nusu lita ya maji ya bomba, ya mvua au ya kunywa kwa ajili ya kunyolea. Ya kisima yabaki kusuuzia wembe. Hapa ndipo povu la kopo linapowashinda wenzake, maana limekuja na maji yake.

Nikibadili krimu, vipele vya kidevuni na shingoni vitakwisha?

Peke yake, hapana. Nywele zetu hujisokota. Wembe ukizikata huziachia ncha kali, na zinapokua hujipinda na kuichoma ngozi upya, au huichoma kutokea ndani kabla hazijatoka. Mwili huupiga vita unywele huo kama unavyopiga vita mwiba, ndipo uvimbe na mwasho vinapokuja. Krimu nzuri hupunguza mikwaruzo. Ncha kali inabaki palepale.

Kinachosaidia ni kutonyoa hadi chini kabisa. Tumia mashine na uache kama milimita 1. Ukilazimika kutumia wembe, uwe wa makali mamoja: wembe wa makali mengi huuvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi. Fuata unywele unakolalia, usivute ngozi, usirudie sehemu moja mara tatu nne. Vipele vikiwa vingi, acha kunyoa wiki nne ili nywele zichomoze. Usivichokonoe kwa sindano.

Tunasisitiza pia: usipake krimu ya steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho) kama klobetasoli bila daktari kukuandikia. Mwasho hutulia siku chache, lakini ukiendelea kuipaka ngozi huwa nyembamba na kubadilika rangi. Ukiona usaha au makovu yanayovimba na kukua, nenda kliniki ya ngozi.

Na unga wa kunyolea, usiohitaji wembe?

Huo huvunja protini ya unywele kwa kemikali, na ncha inayobaki si kali, ndiyo maana huwafaa baadhi ya wenye vipele. Lakini ngozi nayo ina protini hiyohiyo. Jaribu kidogo ndani ya mkono na usubiri siku nzima. Muda ulioandikwa kwenye pakiti usiupitilize hata kwa dakika moja. Kuungua kwingi hutokana na hapo. Kwangua kwa kijiko butu, suuza kwa maji mengi, na usipake penye kidonda.

Baada ya kunyoa nipake spiriti?

Spiriti huchoma na kukausha. Maji baridi, taulo safi la kugusisha bila kusugua, kisha losheni nyepesi isiyo na manukato vinatosha. Shabu husimamisha damu ya mkato mdogo, ila kipande kiwe chako peke yako. Kwa joto la Dar ni bora kunyoa usiku, ngozi ipumzike kabla ya jasho na vumbi la mchana.

Saluni niangalie nini?

Wembe mpya, ufunguliwe mbele yako. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata damu isipoonekana, na kwa wembe wa kuchangia VVU pia huweza kuambukizwa. Meno ya mashine yapigwe brashi nywele zitoke kwanza, ndipo yafutwe kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa yakauke yenyewe. Spiriti ikipakwa juu ya nywele na mafuta haifiki kwenye chuma. Brashi ya povu inayopita uso hadi uso, ikatae na uombe krimu ipakwe kwa mkono ulionawa.