Yanayosemwa na yaliyopo kuhusu Dungeons & Dragons

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani ambao wachezaji husimulia hadithi pamoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake, na dadu huamua matokeo. Ulitoka mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Zilikuwa nakala 1,000 zilizopangwa kwenye maboksi kwa mikono, dola 10 boksi. Waandishi wake ni Gary Gygax, aliyepoteza kazi ya bima akawa anatengeneza viatu, na Dave Arneson wa Minnesota, ambaye tangu 1971 alikuwa akiwaendeshea rafiki zake kampeni, yaani hadithi ndefu inayochezwa kikao baada ya kikao, iitwayo Blackmoor. Leo kuna watu wanaokata tiketi kwenda kuwatazama wengine wakiucheza mchezo huo. Maneno juu yake ni mengi, na mengi yanatoka kwa watu ambao hawajawahi kushika dadu ya pande 20.

"Hizo kampeni za intaneti zimeshaandikwa, ni tamthilia tu"

Hili ndilo ninaloulizwa mara nyingi, na anayetuhumiwa zaidi ni Critical Role. Ni waigizaji wa sauti wa Los Angeles, watu ambao sauti zao zimo katika anime na gemu za video. Walikuwa wakicheza nyumbani tu, kisha Machi 2015 wakaanza kurusha mchezo wao mubashara, Matthew Mercer akiwa DM, yaani msimulizi anayeendesha mchezo. Kwa kuwa kulia na kucheka kwa amri ndiyo kazi yao ya kila siku, mtazamaji mgeni anaona lazima kuna mtu amewagawia karatasi za maneno.

Sasa tazama yaliyowakuta mwaka 2018, katika kampeni ya pili. Laura Bailey na mumewe Travis Willingham walikuwa wamepata mtoto. Ashley Johnson alikuwa New York akirekodi tamthilia ya televisheni. Wachezaji watatu hawapo mezani. Mercer akaamua kwamba wahusika wa hao watatu wametekwa usiku na wafanyabiashara ya watumwa, na waliobaki wakaenda kuwakomboa wakiwa wachache na wadhaifu. Katika kipindi cha 26 walivamia msafara wa watekaji, wakapigwa, na Mollymauk, mhusika wa Taliesin Jaffe, akauawa. Kampeni ilikuwa na miezi sita tu. Mashabiki walishamchora na kushona mavazi yake, na siri za maisha yake zilikuwa bado hazijafunguliwa. Mwandishi wa tamthilia asingemuua mhusika wa namna hiyo mahali hapo. Ilimbidi Jaffe aunde mhusika mpya na hadithi ikapinda upande mwingine kabisa.

Kinachosababisha haya ni utaratibu wenyewe wa mchezo. Mchezaji anasema anachotaka kufanya, tuseme kuruka ukuta. DM anapanga ugumu wake, tuseme 15. Mhusika mwenye nyongeza ya 5 kwa uhodari wake anahitaji kupata 10 au zaidi kwenye dadu, yaani nafasi 11 kati ya 20. Dadu haijui nani kipenzi cha watazamaji.

Ila tusiende upande wa pili tukadhani hakuna kinachopangwa. Mercer huandaa miji, wafalme na maadui kwa wiki nyingi. Tangu 2020 Critical Role hurekodi kwanza ndipo irushe. Dimension 20, kipindi kilichoanza 2018 na ambacho msimulizi wake anayejulikana zaidi ni Brennan Lee Mulligan, huhaririwa, na mandhari zake ndogo za vita hujengwa kabla ya siku ya kurekodi. Kwa hiyo wanajua kabisa kwamba patakuwa na vita juu ya meza ile. Wasichokijua ni nani atasalimika. Kuandaa uwanja na kuandika matokeo ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya atamwonea DM yeyote, wa kwenye kamera na wa nyumbani.

"Usipojua kuigiza, usijaribu"

Dhana hii ni mtoto wa ile ya kwanza, na ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu inawafukuza watu kabla hawajaketi. Mtu anatazama Mercer akibadili sauti kumi katika saa moja, anajiambia hawezi. Mbaya zaidi, wachezaji wapya wanafika mezani kwa DM ambaye naye anajifunza, wakitarajia kipindi, wakaondoka wamenuna. Jambo hili lina hata jina miongoni mwa mashabiki, wanaliita "athari ya Matt Mercer", na Mercer mwenyewe ameshawahi kuwaomba watu wasiwapime wasimulizi wao kwa kipimo chake.

Hakuna kanuni inayodai sauti. "Mhusika wangu anamsihi mlinzi atupishe" ni sentensi halali kabisa, inatosha kurushiwa dadu. Meza ya kawaida ina utani, chakula, mtu anayehesabu kwa vidole, na mabishano kuhusu kama mshale unafika au haufiki. Kwa maoni yangu burudani yenyewe iko hapo hapo, ingawa nakubali kwamba haitazamiki.

"Kutazama wengine wakicheza ni upuuzi wa kizazi cha YouTube"

Anayesema hivi mara nyingi amelipa kiingilio kibanda umiza Jumamosi hiyo hiyo ili aone watu 22 wakikimbiza mpira Uingereza.

Wala si jambo la YouTube. Mwaka 1986 jarida la Kijapani la Comptiq lilianza kuchapa mazungumzo ya kundi lililokuwa likicheza Dungeons & Dragons kama burudani ya kusoma. Wasomaji waliyapenda. Msimulizi wa meza ile, Ryo Mizuno, akageuza kampeni kuwa riwaya, na riwaya zikawa anime, Record of Lodoss War. Kwa hiyo mpenzi wa anime za elvu (viumbe wa hadithi wenye masikio marefu) na mazimwi anayedharau michezo ya mezani anadharau shamba lililomlisha. Marekani ilifuata baadaye: podikasti ya Acquisitions Incorporated ilianza 2008, na The Adventure Zone ya ndugu wa familia ya McElroy na baba yao ikaanza 2014.

"Ni mlango wa ushetani"

Hapa inafaa kwenda polepole, maana dhana hii bado inasafiri.

Mwaka 1979 mwanafunzi wa miaka 16 alitoweka katika Michigan State University. Mpelelezi wa kukodiwa akawaambia waandishi wa habari kwamba huenda kijana alipotelea kwenye mahandaki ya mabomba ya mvuke chini ya chuo akicheza Dungeons & Dragons. Ilikuwa habari tamu, ikazunguka nchi nzima. Baadaye kijana alipatikana Louisiana akiwa hai. Alikuwa mgonjwa wa huzuni na mwenye mzigo mzito wa masomo kuliko umri wake, na mchezo haukuwa chanzo. Marekebisho hayakuuza magazeti kama uvumi.

Kisha 1982 mwanafunzi mmoja wa Virginia alijiua. Mama yake aliamini mchezo ulimlaani, akashtaki bila mafanikio, na 1983 akaunda shirika la BADD kuupiga vita. Mwaka 1985 kipindi cha 60 Minutes cha CBS kilimpa nafasi mbele ya taifa zima. Mwandishi Michael Stackpole alipozipitia hoja hizo mwaka 1990 alionyesha kosa rahisi la hesabu: ukichukua idadi ya vifo ambavyo wapinzani wa mchezo walivitaja na kuigawa kwa mamilioni ya wachezaji, vijana waliocheza walijiua kwa kiwango cha chini kuliko wastani wa vijana wa Marekani. Uchungu wa mama yule ulikuwa wa kweli. Hitimisho lake halikuwa.

TSR, kampuni iliyokuwa ikiuchapisha mchezo wakati huo, nayo iliogopa. Toleo la pili la mwaka 1989 liliondoa maneno "mashetani" na "mapepo" na kuyapa viumbe wale majina ya kubuni, ingawa katika mchezo hao ni maadui wa kupigwa panga. Gygax, ambaye alikuwa Mkristo, alishangazwa sana na tuhuma hizo. Na kituko hiki ni cha kweli: gereza moja la Wisconsin, jimbo lile lile mchezo ulikozaliwa, liliwapiga marufuku wafungwa kuucheza, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaliunga mkono gereza. Hoja haikuwa shetani tena. Walihofia kwamba DM anayetoa maelekezo kwa kundi anafanana na kiongozi wa genge.

"Ni mchezo wa wenye pesa"

Vitabu vya rangi ni ghali, ni kweli. Lakini kanuni za msingi za toleo la tano zimekuwa bure mtandaoni tangu 2014. Mwezi Januari 2023, rasimu ya leseni mpya iliyowabana wabunifu wa nje ilipovuja, mashabiki walifuta usajili wao wa kulipia kwa hasira, na kabla mwezi haujaisha Wizards of the Coast, kampuni inayoumiliki mchezo sasa, ikaziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuzitumia na ambayo haiwezi kurudishwa nyuma. Dadu zipo kwenye simu.

"Ni wa vijana wa Kizungu waliojifungia chini ya nyumba"

Picha hiyo ilipata nguvu mpya mwaka 2016 kupitia tamthilia ya televisheni ya Stranger Things, ambamo wavulana wanaucheza mchezo huu chini ya nyumba. Ila Cyberpunk, mchezo wa mezani wa 1988 uliozaa gemu ya Cyberpunk 2077, ni kazi ya Mike Pondsmith, Mmarekani mweusi. Ujerumani wana mchezo wao wa aina hii, Das Schwarze Auge, tangu 1984. Japani wanapenda sana mchezo mwingine wa aina hii, Call of Cthulhu.

"Ni kona ndogo ya magiki"

Machi 2019 Critical Role waliomba mashabiki dola 750,000 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, ili watengeneze katuni moja fupi. Kiasi hicho kilipatikana ndani ya saa moja. Kampeni ya mchango ilifungwa ikiwa na zaidi ya dola milioni 11.3 kutoka kwa watu 88,887, na katuni ikawa mfululizo wa The Legend of Vox Machina kwenye Prime Video, Januari 2022. Januari 2025 Dimension 20 walicheza Madison Square Garden, New York.

Lakini hizo ni hela na viti. Ushahidi mzito zaidi uko kwa watu ambao hawajawahi kuusikia mchezo huu. Kuchagua aina ya mhusika, kukusanya pointi za uzoefu, kupanda kiwango, mstari wa damu unaopungua ukipigwa: yote hayo yalienezwa na Dungeons & Dragons kabla ya gemu za video kuyachukua. Hesabu ya damu Arneson aliitoa kwenye kanuni alizoandikia vita vya meli za chuma, kwa sababu wachezaji wake wa Blackmoor walichukia kufa kwa pigo moja.