Seguro privado si usalama binafsi

Wiki hii nimeletewa tena karatasi ya masharti ya viza ya masomo Hispania, na aliyeitafsiri ameandika: "Mwombaji awe na usalama binafsi, bila mapungufu." Mama wa mwombaji alikuwa ameshaingiwa na hofu, anauliza huko mtoto anakokwenda kuna nini hadi ahitaji walinzi.

Kihispania chenyewe kilisema seguro médico privado, yaani bima ya afya unayonunua mwenyewe kwenye kampuni, si ile ya serikali. Maana imeishia hapo.

Kinachoponza watu ni ukoo wa neno. Seguro limetokana na Kilatini securus: se ni bila, cura ni mashaka. Likiwa kivumishi, ni salama au hakika; likiwa nomino, ni bima. Ndugu yake seguridad ndiye usalama. Kwa hiyo seguridad privada ndio walinzi wa makampuni, na Seguridad Social ya Hispania ni hifadhi ya jamii inayoendeshwa na serikali. Ukibadilisha mwisho wa neno tu, umemtoa mtu kwenye bima ukampeleka kwa mlinzi wa getini.

Tena Mexico seguro likisimama peke yake lina njia yake. Mtu akikwambia voy al Seguro, haendi kwenye kampuni ya bima. Anakwenda hospitali ya IMSS (Instituto Mexicano del Seguro Social), taasisi ya umma ya hifadhi ya jamii iliyoanzishwa mwaka 1943. Ndiyo maana neno privado halifai kudondoshwa kwenye tafsiri.

Neno letu bima nalo lina safari yake: lilitufikia kupitia India, na shina lake ni la Kiajemi, bim, yaani hofu. Mlatini alitazama utulivu anaoupata mtu akishalipa. Mwajemi alitazama kilichomfanya alipe. Nalipenda sana jambo hili, na linaniuma kuona neno zuri kama bima likirukwa wakati lipo mdomoni.

Aliyetafsiri simlaumu kwa yale "mapungufu", kwa kuwa Kihispania kilisema sin carencias, na kamusi inasema carencia ni upungufu. Ila kwenye bima, carencia ni kipindi cha kusubiri kabla kampuni haijaanza kulipia matibabu fulani. Sin carencias isomeke "bila kipindi cha kusubiri", na mama aulize hilo kwa wakala kabla hajalipia.