Khabarovsk sio Siberia, na sio barafu mwaka mzima

Watu wengi wakisikia Khabarovsk, mji wa Urusi, wanaona theluji tu, eti mji wa Siberia kule karibu na ncha ya dunia. Hapana jamani. Kwa Warusi wenyewe ule ni mji wa Mashariki ya Mbali, na ukicheki ramani uko karibu latitudo moja na Paris!

Baridi ipo, tena kali, Januari wastani ni kama nyuzi 20 chini ya sifuri na mto Amur unaganda kabisa. Lakini njoo Julai uone, joto linaweza kupita nyuzi 30, unyevunyevu wa kutoa jasho, halafu mvua za monsuni zinamwagika mpaka mto unafura, na mwaka 2013 ulivunja rekodi, kipimo pale mjini kilipita mita 8, serikali ikabidi ihamishe watu.

Na China iko pale pale, kama kilomita 30 hivi. Kuna kisiwa kinaitwa Bolshoi Ussuriysky, kipo mlangoni kabisa mwa mji, walikigombania miaka mingi hadi 2008 wakagawana, kipande Urusi kipande China.

Moscow je? Mbali mno, tofauti ni masaa 7. Na kwa vile Moscow saa zao ni sawa na zetu Afrika Mashariki, ukiwa unakula lanchi saa sita mchana Dar, wao Khabarovsk ni saa moja jioni, wametoka kazini zamani.